Katamarani ama yoti ya mkuku? Kwa familia ya Nairobi inayotaka kuhamia majini

Kuna swali linarudi kila mtu wa Nairobi akianza hii ndoto ya kuuza gari na ile ploti ya Kitengela ahamie majini na watoto: tununue katamarani, ile pana ya bodi mbili, ama yoti ya kawaida ya bodi moja yenye mkuku mzito chini, ule uti wa chini unaoizuia kupinduka? Na wengi wakiuliza huwa wameshaamua tayari, wameona video za zile katamarani nyeupe za Seychelles, sitingirumu kubwa, friji, watoto wanaruka kwa ule wavu wa mbele, basi imeisha. Mimi nasema kabla uangalie sitingirumu jiulize kitu kingine. Usiku saa nane, upepo umeongezeka, mmoja wenu ameshika mtoto anatapika kwa ndoo, yule mwingine anaweza kushughulika na hicho chombo peke yake? Manake boti ya familia hata mkiwa watano ndani, kwa upande wa kazi ni boti ya mtu mmoja. Mmoja ni nahodha, mwingine ni mzazi, halafu mnabadilishana.

Nisemee wapi haya maneno yanatoka. Mzee wangu, yaani mume wangu, ni fundi wa injini za boti, nyumba iko South B lakini likizo za shule tunashuka Kilifi tunakaa kwa boti za watu waliosafiri, tunawasha injini, tunaangalia betri, mwenyewe akiruhusu tunatoka nayo kidogo. Tumekaa kwa aina zote mbili na watoto wetu wawili. Sijavuka Atlantiki na sina boti yangu, lakini ugali nimesonga kwa zote mbili, na hapo ndo naanzia.

Yoti ya mkuku ikienda bisho, yaani ikiutafuta upepo, inalala upande. Digrii 15 mpaka 20 ni kawaida tu, hakuna mtu anashtuka. Jiko lake limening'inizwa linabembea ndo sufuria ibaki sawa boti ikiinama, sasa wewe jaribu kusonga ugali kwa kitu kinachobembea: ukikandamiza mwiko jiko lote linakuja nao na maji moto yanakufuata. Dawa yake ni kulifungia lisibembee, ujifunge na ule mkanda wa jikoni, uegemee, usonge mbio mbio, ama uwaambie leo ni wali. Kwa katamarani jiko halijaning'inizwa kabisa, unapika, chai inakaa kwa meza, mtoto anachora, na saa zingine unasahau mnasafiri.

Lakini usidanganywe ati katamarani haitingishiki. Inatingishika vingine, haraka haraka, kavu, na mawimbi yakitoka mbele yanapiga pale chini katikati ya bodi mbili, kishindo mpaka vyombo vinaruka kwa kabati. Siku ya kwanza kasichana ketu kaliuliza kama tumegonga gari. Kuna watu hiyo ndo inawamaliza, wanasema heri kulala upande kwa utaratibu kuliko kupigwa hivyo usiku kucha. Kwa upepo wa nyuma mambo yanageuka, yoti ya mkuku inayumba kushoto kulia kushoto kulia, na kigegezi cha hiyo mimi sikipendi hata kidogo, wakati katamarani inateleza tu. Na mkiwa mmetia nanga, na hapo ndo mtakuwa siku nyingi kushinda zote, katamarani inashinda bila kubishana. Wimbi dogo likiingia kwa ghuba yoti inacheza usiku mzima na mtoto anaanguka kutoka kitandani.

Sasa turudi kwa ile saa nane ya usiku. Yoti ya mkuku ikizidiwa inakwambia. Inalala zaidi, usukani unakuwa mzito, maji yanafika kwa ukingo, na ile kulala kwenyewe inapunguza nguvu ya upepo kwa tanga. Hata mtu hajui mahesabu anajua tu kwamba hapa tupunguze tanga. Katamarani haisemi kitu. Inakaa wima, inaongeza spidi, watu wamelala vizuri, na nguvu yote inaenda kwa mlingoti na kamba manake bodi zimekataa kuinama. Kwa hivyo wenye katamarani wanaenda kwa namba, wanaangalia kipimo cha upepo, kikifika noti 18 ama 20 hivi, hiyo ni kama kilomita 33 mpaka 37 kwa saa, wanapunguza tanga mara ya kwanza hata kama kila kitu kinaonekana shwari, noti 25 wanapunguza tena. Ukiwa mtu wa kufuata sheria ni sawa. Ukiwa yule wa "wacha tuone kwanza", ambao ni watu wa kwetu wengi, yoti itakuonea huruma na katamarani itakunyamazia.

Ongeza hapo kwamba tanga kuu la katamarani ya mita 11 na kitu ni kubwa na zito kuliko la yoti ya urefu sawa. Mimi nina kilo 58. La yoti nalivuta nikiwa na winchi ya mkono, polepole, linapanda. La katamarani nililifikisha katikati nikaita mzee. Kwa boti mpya hiyo kazi inafanywa na winchi ya stima, sawa, lakini stima ikizima? Hapo utajua nini, na wewe mtu wa Nairobi unajua stima huzima lini: wakati unaihitaji. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kabla ya bei na kabla ya rangi: yule mtu mzima mwenye nguvu kidogo kwa nyumba yenu aende apandishe tanga, alipunguze, alishushe, atie nanga na aing'oe, peke yake, huyo mwingine amekaa na watoto amenyamaza kabisa. Boti inayomshinda huyo si boti yenu, hata ikuwe na sitingirumu ngapi.

Kitu kingine watu wanasahau ni pwani yenyewe. Maji yetu yanapanda na kushuka sana, wakati wa bamvua, zile siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4 hivi, na matumbawe ni kila mahali. Chukua Lagoon 380 ambayo ni katamarani utaiona sana kwa soko la mitumba: urefu mita 11.55, upana mita 6.53, na inaingia kwa maji mita 1.15 tu. Yoti ya urefu huo inataka karibu mita 1.8 mpaka 2. Hiyo tofauti kwa karatasi ni ndogo, kwa pwani yetu ni mambo mawili tofauti kabisa. Nenda Lamu uone. Ule mfereji wa Mkanda kati ya Manda na bara, majahazi yenyewe yanangoja maji yajae ndo yapite, na kufika magofu ya Takwa kwa mkono ule wa mikoko ni maji kujaa tu. Mwenye chombo kinachohitaji maji kidogo ana saa nyingi za kupita, mwenye mkuku wa mita 2 anakaa nje anangoja.

Na hapo kwa kupwa ndo kuna raha moja ya katamarani siwezi kuificha. Unaipeleka mahali pa mchanga laini maji yakiwa yamejaa, unatia nanga mbele na nyuma, unangoja. Maji yanatoka, chombo kinakaa chini kwa bodi zake mbili bila gadi, zile nguzo za kuegemeza chombo, bila chochote, na mna masaa kadhaa ya kutembea chini ya nyumba yenu mkikwangua vichaza na majani. Watoto wetu walipewa vipande vya mbao wakwangue, ikawa mchezo wa nani ana ndoo kubwa, kijana akapata kaa amejificha pale kwa propela na kazi ikaishia hapo. Mabaharia wa majahazi wanafanya hivyo tangu zamani, wanapweleza, wanatia gadi pande zote, wanapaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Yoti ya mkuku pia inawezekana, lakini inataka magongo ya kuishikilia ama ukuta wa kuegemea, na mtu anayejua anachofanya, manake ikilala vibaya maji yakirudi yanaingia ndani kabla haijainuka. Kuitoa majini kwa mashine ndo kinyume: pahali pa kunyanyua boti pwani yetu ni pachache na si kila troli inabeba kitu chenye upana wa mita 6 na nusu.

Pesa sasa. Katamarani iliyotumika inauzwa mara mbili mpaka tatu ya yoti ya urefu na umri unaolingana. Haiishii hapo: injini mbili, usukani mbili, choo mara nyingi mbili, rangi ya chini mara mbili, na kwa marina nyingi za nje unalipishwa zaidi juu ya upana, mara moja na nusu na hata mara mbili. Injini mbili zina faida, moja ikikufa unarudi na nyingine, na kugeuka mahali padogo ni rahisi sana, moja mbele moja nyuma boti inazunguka palepale. Lakini mzee wangu ambaye ndo hulipwa kwa hizo injini anasema hivi: mwenye moja anaijua, mwenye mbili anajua fundi. Na usisahau kabla ya kuileta Kenya uongee na KRA kuhusu ushuru na Kenya Maritime Authority kuhusu usajili na ukaguzi, ufanye hiyo hesabu kabla hujalipa deposti.

Kuna njia ya katikati watu hawaiongelei sana, katamarani za mbao za yule Mwingereza James Wharram, aliyevuka Atlantiki miaka ya 1950 kwa katamarani aliyojijengea, akichukua mfano kwa vyombo vya Polinesia. Plaiwudi, gundi ya epoksi, na bodi zimefungwa pamoja kwa kamba. Fundi wa pwani anayejenga ngalawa yenye mirengu miwili, zile mbao za pembeni za kuizuia kupinduka, akiiona haihitaji kuelezwa. Ni rahisi kutengeneza na rahisi kununua, ila vyumba ni vyembamba na hiyo sitingirumu ya video hakuna, mnaishi nje kwa deki. Kwa hali ya hewa ya Kilifi si mbaya. Kwa masika ya Mei, mh.

Usalama ndo watu hupigana. Wa yoti watakwambia katamarani ikipinduka imepinduka, hairudi, na ni kweli. Wa katamarani watakwambia yoti ikitoboka inazama, na hiyo pia ni kweli, ule mkuku umejaa farumi, yaani uzito wa madini ya risasi ama chuma, ukiingiza maji unashuka nao, wakati katamarani hata ikiwa juu chini inabaki inaelea na mna kitu cha kushikilia. Mwaka 1972 familia ya Robertson kutoka Uingereza ilitobolewa boti na nyangumi wauaji karibu na visiwa vya Galápagos, mashua ya mbao ikazama kwa dakika chache tu, wakakaa siku 38 kwa maji kabla kuokolewa, na wote walipona. Halafu kuna ile yoti ya mashindano iliyoitwa Cheeki Rafiki, ndiyo, rafiki kabisa, Mei 2014 ikirudi Uingereza kutoka Antigua mkuku uling'oka katikati ya Atlantiki na watu wote wanne wakapotea. Wachunguzi waliandika kwamba kugonga chini mara kadhaa zamani na marekebisho ya baadaye huenda yalidhoofisha pale mkuku unaposhikana na bodi. Hii siwaambii kuwatisha. Nawaambia juu pwani yetu ni ya matumbawe na yoti ya mitumba uliyoonyeshwa hapo inaweza kuwa iligonga na mwenyewe akanyamaza, kwa hivyo lipa mkaguzi aangalie nati za mkuku na nyufa za pale ndani kabla ya kuangalia viti. Kwa katamarani aangalie kuta za ndani pale chini ya mlingoti na pale bodi mbili zinaungana, hapo ndo huchoka.

Hatari ya kweli ya kila siku lakini si kupinduka, ni mtoto kuanguka. Kokpiti ya yoti, pale nyuma mnapoketi na kushika usukani, ni ndogo na imezama, mtoto yuko pale miguuni unamwona. Katamarani ina deki pana, ni ngumu kuteleza, lakini sasa mtoto yuko mbele huko kwa wavu na wewe uko nyuma na kati yenu kuna nyumba nzima. Sheria kwetu ni ile ile kwa zote: wavu kuzunguka pande zote, laifujaketi, na usiku hakuna mtu, hata baba, anatoka kokpiti bila mkanda umefungwa kwa ile kamba ya deki na bila kumwamsha mwenzake.

Maji na stima nitapita haraka manake mtu wa mgao ameshafuzu. Kuoga na lita tano, kujaza mitungi, kuosha vyombo na maji ya kwanza kisha ya pili, watu wa Seychelles wanasoma hayo kwa kozi sisi tumezaliwa nayo. Katamarani ina paa kubwa la sola, hiyo inasaidia, hata mashine ya kutoa chumvi kwa maji inawezekana. Uzito tu ndo uangalie. Katamarani haipendi mizigo kabisa, ukiijaza inakuwa nzito, ile nafasi ya chini inapungua na kile kishindo kinaongezeka. Na familia ni mizigo: vitabu, baiskeli, bale tatu za unga kila moja kilo 24, gesi ya akiba. Yoti inameza hayo yote inaendelea na safari.

Tanga na upepo wa kwetu, hii muielewe kabla ya kuchagua. Kusi inavuma kama Aprili mpaka Septemba hivi, kaskazi Desemba mpaka Machi. Likizo ya Agosti ukitoka Kilifi kwenda Lamu, kama kilomita 190, upepo uko mgongoni na mkondo wa bahari unasukuma hukohuko, raha tupu. Kurudi ndo utalia. Ni bisho mwanzo mwisho na mkondo unakupinga, na kwa bisho katamarani za familia ni dhaifu, zinateleza kando, mwisho unawasha injini mbili na kusikiliza dizeli ikiisha. Yoti ya mkuku inapanda upepo vizuri zaidi, polepole lakini inafika. Kwa hivyo kama mpango wenu ni kuzunguka hapa hapa na lazima mrudi Jumatatu shule ifunguliwe, hiyo ni pointi kubwa ya yoti. Kama mna mwaka mzima na mnaweza kungoja upepo ugeuke vile majahazi yalikuwa yanangoja, haijalishi.

Kwenda kusini na kaskazi mpaka Komoro na Madagaska kuna mtego, manake hiyo miezi ndo misimu ya vimbunga kule. Desemba 2024 kimbunga Chido kiliipiga Mayotte, kisiwa cha jirani na Komoro, na hakikuuliza nani ana bodi ngapi. Sisi tuko karibu na ikweta, mara nyingi tunakwepa, ndo maana wengine wanakuja kujificha Kilifi. Na kaskazini ya Lamu kuelekea mpaka wa Somalia familia haina kazi huko, iwe na chombo gani.

Shule, kwa kifupi: kama mtoto yuko Gredi ya 6 kuna mtihani wa KPSEA, na tangu 2025 Gredi ya 9 kuna wa KJSEA, panga safari ndefu izunguke hiyo miaka. Katamarani ina meza ya kuandikia hata mkisafiri. Kwa yoti masomo ni mkiwa mmetia nanga ama mtoto anasikiliza tu kitabu cha sauti.

Sasa mimi ningechagua nini? Kwa pesa za mshahara, watoto chini ya miaka kumi, na mnataka kuanza mwaka huu, yoti ya mkuku ya mita 11 ama 12, imara, mkuku si mrefu sana, tafuteni ya mita 1.5 zipo. Watoto wadogo hawahitaji nafasi, wanahitaji kujibana, na chumba cha mbele chenye mbao za kuzuia kuanguka wanakipenda kushinda sitingirumu yoyote. Mtaisukuma, mtaijua, na mkichoka mnauza bila kulia sana. Kama watoto ni tineja, chukueni katamarani mkiweza, hata ya zamani. Tineja anataka mlango wake na upande wake wa boti, wazazi bodi ya kushoto yeye bodi ya kulia, na kwa yoti ya mita 11 hakuna mahali pa kununa. Na kama shosho atakuwa anawatembelea, zile ngazi za nyuma za katamarani anapanda nazo kutoka kwa kiboti kidogo akiwa na leso yake na mkoba bila kushikwa mkono. Kwa yoti mamangu alipandishwa na watu wawili na akatuambia wazi hashuki tena mpaka tufike mahali kuna gati.